Karatasi za Mkulima na Mchimbaji Zisiachiwe Mchwa

Hati za Serikali zimekuwa na sheria ya kuzilinda tangu 1965. Karatasi za watu binafsi na za vyama vyao aghalabu hazina mwangalizi ila mchwa.

Sifa za Dakta Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, zimeandikwa sana. Hata uzito wa almasi ya waridi aliyomtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, karati 54.5, haukusahauliwa. Lakini ni nani ajuaye ujira wa aliyemchekechea mchanga?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukumani, kwa kuchoka kupunjwa mizanini, waliweka wapimaji wao wenyewe. Humo ndimo ulimochipuka ushirika mkubwa ulioongozwa na Paul Bomani. Ushahidi wa dhuluma ile umo katika stakabadhi na daftari za mizani, si katika hotuba. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976. Na katika makabidhiano ya namna hiyo huhesabiwa magari na viti, karatasi hazina mwenyewe. Mgodi wa kale wa Geita nao ulifungwa mwaka 1966. Vipande vya wachimbaji wake, kama vingalipo, vimo masandukuni mwa wajukuu.

Karatasi za Hans Cory, ofisa wa kikoloni aliyeandika sheria za Wasukuma, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Za karani wa chama cha msingi zinastahili kabati vilevile.

Hapana budi maofisa ushirika wa Shinyanga na Geita waorodheshe zilizosalia kabla stoo hazijafagiliwa, na walimu wa historia wawatume wanafunzi wakaulize nyumbani. Asili ibaki kwa mwenyewe. Nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa.