Mwulizieni Aliyekaa Sana



Mwezi Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto. Kabla ya hapo, Waitaliano na wengineo walikuwa wakija, wanapanga nyumba, wanakaa na mtoto kwa miezi kadhaa wakingoja mahakama, kisha wanapanda naye ndege. Ethiopia ilifunga mlango wake 2018. China ilifunga 2024, na watoto waliokuwa wameshapangiwa wazazi Marekani, wengi wao wakubwa au wenye ulemavu, wakabaki wakingoja.

Sina ugomvi na uamuzi wa 2014. Mtoto si mzigo wa kusafirishwa, na hata Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili, ambao Kenya ilijiunga nao 2007, unataka familia ya nyumbani itafutwe kwanza. Ugomvi wangu ni nasi tuliobaki nyumbani. Tukienda kuasili tunataka mchanga, mzima, tena wa kike. Wa kike kwa nini? Kwa sababu, tunanong'onezana, hatagombea shamba. Na sheria inampa mtoto wa kuasili, wa kike kwa wa kiume, urithi sawa na wa kuzaa! Mvulana wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo hakuna anayemuuliza hata jina.

Serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia. Ni jambo jema. Ila wa kutoka kwanza ni wale ambao nyanya au shangazi yao anajulikana. Atakayebaki ni yule anayelishwa kwa kijiko na kuvaa nepi akiwa na miaka kumi.

Simwambii kila mtu aasili. Sheria inataka uwe na umri wa miaka 25 hadi 65, umzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na ukae naye kwanza miezi mitatu mfululizo. Mwislamu ana njia ya malezi iitwayo kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua na ambayo haimvui mtoto nasaba yake. Lakini hata mwenye nia huishia mlangoni, na namwelewa. Moyo anao. Anachopigia hesabu ni nepi, nauli ya kwenda mazoezi ya viungo, na nani atabaki na mtoto yeye akienda kibaruani. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Piga hesabu ya nepi peke yake uone zitafika tarehe ngapi.

Hapo ndipo chama chenu cha kuchangiana kinapoingia. Akina mama kumi wanaonunuliana sufuria kwa zamu wanaweza kusimama na mmoja wao akawa mzazi mbele ya sheria, huku tisa wakigawana kazi: huyu ampeleke mazoezi Jumanne, yule akae naye Alhamisi, mwingine amfuate seremala wa mtaa atengeneze kiti kinachomshika mgongo. Kanisa lina kamati, msikiti una kamati. Akifa mtu, kikundi cha mchango hufunguliwa kwenye simu usiku huohuo, na sanduku halikosi kununuliwa. Aliye hai naye afunguliwe kikundi, tena kisifungwe baada ya wiki mbili.

Msianze kwa kwenda makaoni na mikate na kamera. Mtoto wa huko amepigwa picha za kutosha. Jumatatu nendeni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu, wawili au watatu pamoja, anayetaka kuwa mzazi akiwa katikati. Mkiulizwa mnataka mtoto wa aina gani, semeni mnamtaka aliyengoja muda mrefu kuliko wote.