Tamko la Wafugaji Kuku wa Laare Kuhusu Dawa za Kuhara Damu

Sisi wafugaji kuku wa Laare na vijiji jirani, Igembe Kaskazini, Kaunti ya Meru, tuliokutana katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatamka haya kwa watafiti wa maradhi ya mifugo, kwa serikali ya kaunti na ya kitaifa, na kwa wenye maduka ya agroveti.

Laare inajulikana kwa miraa. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, kisha Somalia ikaifungia soko kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, wengi wetu tuligeukia banda la kuku. Tangu hapo kuku ndiye analipa karo, na ugonjwa wake tunauhesabu kwa mihula.

Mvua za Oktoba zikianza, maranda hulowa kando ya vinyweo. Kifaranga wa wiki tatu au nne anajikunyata pembeni, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Kesho yake kinyesi kina damu. Ukimpasua aliyekufa, vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vimejaa damu iliyoganda. Hiyo ni koksidia, yaani kuhara damu. Kimelea chake, Eimeria tenella, huzaana tumboni mwa kuku kwa siku chache, na mayai yake yakishatoka na kinyesi hukomaa sakafuni kwa siku moja au mbili penye joto na unyevu. Dawa za kawaida za kusafishia banda haziyawezi.

Dawa zetu za kutibu nazo zimezeeka. Amproliamu iko sokoni tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Inafanya kazi kwa hila: imefanana na vitamini B1, kimelea kinaipokea kama chakula na mwishowe kinakosa vitamini yenyewe. Hila ya zaidi ya miaka 60 adui huishia kuizoea. Mwanachama anachanganya dawa, kuku wanakunywa, siku ya nne bado anachimba shimo la kuzikia. Na tukiri letu: tumepima dozi kwa kifuniko cha soda, tumekatiza matibabu vifaranga walipochangamka ili chupa ibaki kwa kundi lijalo. Usugu huo tumeulea kwa mikono yetu.

Kwa hiyo tunataka dawa inayompiga mdudu huyu mahali ambapo hajawahi kupigwa. Pa kutafuta panajulikana. Ndani ya kimelea kuna kijiungo kiitwacho apikoplasti, mabaki ya mwani uliomezwa na babu yake zamani za kale. Kuku hana kitu hicho, wala mla mayai. Kimelea cha malaria kinacho, na dawa ya doksisaiklini hukikamatia hapo hapo. Cha ndigana kali ya ng'ombe ni cha ukoo huo huo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, Nairobi, ilishiriki kusoma jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, iliyochapishwa mwaka 2005. Ujuzi basi uko mwendo wa siku moja kwa matatu kutoka hapa. Tunaomba ufike kwa kuku, ambaye siku zote hukumbukwa ng'ombe akishahudumiwa.

Jenomu ya Eimeria tenella nayo ilichapishwa mwaka 2014, ila kimelea kilichosomwa asili yake ni Houghton, Uingereza. Mwaka 2021 wanasayansi walizipa majina spishi tatu nyingine za kuku, mojawapo Eimeria zaria, kwa jina la mji wa Zaria, Nigeria. Chanjo zilizokuwepo hazikukinga kuku dhidi ya hizo. Nasi tunauliza: nani amesoma kimelea cha Laare? Dawa itakayobuniwa kwa mdudu wa Uingereza pekee tutaipokea kwa mashaka.

Mabanda yetu yako wazi kwa watafiti wa mifugo wa Kabete, shirika la utafiti wa kilimo KALRO na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Waje na kibali cha utafiti cha NACOSTI, na cha mamlaka ya mazingira, NEMA, chini ya kanuni za mwaka 2006 za kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, maana hata kinyesi cha kuku wetu kikizaa dawa, kina mwenyewe. Majibu yarudi kwa Kiswahili au Kimeru. Serikali ya kaunti itupatie mahali pa kupima kama dawa fulani bado inaua vimelea vya hapa, kabla ya msimu wa mvua na si baada ya mazishi. Wenye agroveti waulize umri na idadi ya vifaranga kabla ya kushika chupa.

Sisi kwa upande wetu tumekubaliana kwamba kila mwanachama atakuwa na kipimo halisi cha dawa, atamaliza dozi, na ataandika katika daftari la chama jina la dawa, tarehe na idadi ya waliokufa. Mtafiti atakayekuja atalikuta daftari hilo kwa katibu.

Limetolewa Laare kwa niaba ya wanachama na mwenyekiti, katibu na mweka hazina.