Mtu kwa Kitambulisho, Paka kwa Kibali

Msomaji wa pwani akisikia kwamba paka au mbwa hutakiwa vyeti ndipo aruhusiwe kuingia nchi ya watu, huenda akacheka na kusema dunia imekwisha. Barazani nimesikia wengi wakinena kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, ambao mbwa wao hulala kitandani na hali jirani yao hawamjui hata jina. Mimi naomba leo tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwani ukilifuata mpaka mwisho utakuta halikuwekwa kwa ajili ya mnyama. Limewekwa kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Twende Kwanza, katika wilaya za mahindi juu ya mji wa Kitale, ambako wenyeji wetu wa pwani wachache hufika kwa biashara. Ukishika njia ya Endebess, mlima Elgon ukiwa upande mmoja, utafika mto Suam, na ng'ambo ya mto ni Uganda. Ukiteremkia pande za Bungoma, utakuta Lwakhakha, na huko pia mto ndio mpaka. Watu wa pande hizi mbili si wageni wao kwa wao. Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda ni ndugu wa asili moja na jando moja. Wasabaoti wana jamaa zao Wasebei upande wa pili wa mlima. Huoana, huzikana, hukopeshana ng'ombe. Na nilipozuru sehemu hizo niliona boma baada ya boma lina mbwa wake, wawili au watatu, wa kulinda mahindi na mifugo.

Sasa, tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda waweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Hiyo ni neema kubwa, na ni tunda la Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza kazi Julai 2010. Lakini neema hiyo haikumpata paka wala mbwa. Mwenye mnyama anatakiwa awe na kibali cha kuingizia kutoka idara ya mifugo ya nchi anayokwenda, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali ya nchi anayotoka, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Makao makuu ya idara hiyo upande wa Kenya yako Kabete. Wizara yake upande wa Uganda iko Entebbe. Kwa mkulima wa Kwanza anayemfuata dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto, zote mbili ni kama mbinguni.

Basi hufanya nini? Hufanya lile ambalo watu wa mipakani wamelifanya siku zote. Hupita njia za panya. Wenye umri wanakumbuka soko la Chepkube, upande wa Bungoma, katika miaka ya 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani na magunia ya kahawa ya Uganda yakavushwa usiku na mchana kwa magendo. Ikiwa mpaka haukuweza kuzuia gunia linalobebwa mgongoni, utamzuiaje mbwa anayetembea kwa miguu yake minne na kumfuata bwana wake?

Hapa ndipo inafaa tuulize: kwani serikali zinaogopa nini hasa? Zinaogopa kichaa cha mbwa. Maradhi haya yana tabia mbili mbaya. Kwanza, hujificha. Mnyama aliyeambukizwa huweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akionekana mzima, anakula na kucheza na watoto. Pili, dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kama 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka ulimwenguni, walio wengi Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila waathiriwa kumi, wanne ni watoto ambao hawajafikia miaka 15. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ndiye anayeumwa usoni, naye ndiye anayeficha jeraha asije akapigwa.

Kwa sababu hiyo mataifa tajiri yamejenga ukuta wa karatasi. Anayetaka kumpeleka paka wake kutoka Kenya hadi nchi za Umoja wa Ulaya, kwanza hana budi kumtia chini ya ngozi kijidude chenye nambari, kiitwacho chipu, ili asibadilishwe na mwingine. Kisha humchanja. Zikipita siku zisizopungua 30, damu hutolewa na kupelekwa maabara iliyokubaliwa, kuona kama chanjo imeshika. Hata ikiwa imeshika, husubiri miezi mitatu mingine. Uingereza kwa miaka mingi ilikuwa ikimfungia mnyama mgeni miezi sita karantini, mpaka ilipoanza kulegeza mwaka 2000. Marekani nayo, tangu Agosti 2024, haimpokei mbwa ambaye hajatimiza miezi sita wala asiye na chipu, na anayetoka nchi zenye kichaa kingi kama yetu huongezewa masharti. Hata huko Imarati, waliko jamaa zetu wengi, paka au mbwa haingii bila chipu, chanjo na kibali.

Najua msomaji mmoja atasema: sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, mambo ya mbwa yanatuhusu nini? Namjibu kwamba paka naye huambukizwa na kuambukiza, na paka ndiye mwenzetu wa nyumbani, kuanzia Lamu hadi Vanga. Isitoshe, sheria yetu haikumtupa mbwa. Imemruhusu wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na hao ndio mbwa wa Kwanza. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke kwenye wanyama wazima. Mafundisho hayo yalikuwako karne nyingi kabla ya Kabete na Entebbe. Anayedhani cheti cha chanjo ni desturi ya Kizungu na ayatafakari.

Na kama hilo halitoshi, tutazame kisiwa chetu cha Pemba. Mbwa wake si wengi, na kampeni za kuwachanja zilizoanza mwaka 2010 zilifanikiwa hata kichaa kikatokomea kisiwani mwaka 2014. Watu wakapumua, na chanjo zikalegea. Mwaka 2016 maradhi yakazuka tena. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi hivyo waligundua kuwa havikuwa mabaki ya ugonjwa wa zamani wa kisiwani. Vilikuwa vimeletwa kutoka nje. Mbwa mgonjwa haogelei kutoka bara hadi Pemba. Alipakiwa chomboni na mtu. Ilibidi kazi ya kuchanja ianzwe upya, ndipo maradhi yakazimwa tena.

Kisa cha Pemba kina mafunzo mawili, na watu wengi hushika moja tu. La kwanza ni kwamba mnyama mmoja asiye na cheti aweza kubomoa kazi ya miaka minne. Hilo serikali zinalijua, na ndiyo maana zinadai karatasi. La pili ni kwamba kilichoiokoa Pemba mara zote mbili kilikuwa chanjo iliyopelekwa vijijini, mbwa kwa mbwa. Karatasi haikuua virusi hata kimoja. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukosa njia ya kupita.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya mambo yanavyokwenda. Tajiri wa Nairobi anayehamia Ujerumani na paka wake atatimiza kila sharti, kwa kuwa anaweza kulipia chipu, maabara na ndege. Mkulima wa Kwanza mwenye mbwa watatu hatatimiza hata moja, si kwa ukaidi, ila kwa umbali na gharama. Matokeo yake ni kwamba paka asiye na hatari kubwa ndiye anayekaguliwa mara tano, na mbwa mwenye hatari anavuka Suam asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa na mtu. Sheria hiyo humbana asiyehitaji kubanwa, na humkosa yule iliyomkusudia.

Kenya ilijiwekea mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mpango huo ulitolewa mwaka 2014. Miaka iliyobaki ni ya kuhesabu kwa vidole. Kama nia ni ya kweli, mpaka usingojewe kwenye meza ya forodha. Siku za soko, pande zote mbili za mto, mabwana mifugo wa Kenya na Uganda wakae pamoja, wachanje bure kila mbwa na paka atakayeletwa, na wampe mwenyewe kadi moja inayotambuliwa na nchi zote mbili. Mtu akishapata kadi hiyo sokoni kwake, hatakuwa na sababu ya kutafuta njia ya panya. Ikiwa binadamu tumeweza kukubaliana juu ya kitambulisho cha mtu, hatushindwi kukubaliana juu ya kadi ya mbwa.

Nasi wa pwani tuna wajibu wetu. Anayempakia paka au mbwa jahazini, feri au basi, amchanje kwanza na kungoja mwezi. Na mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa robo saa, kisha akimbizwe hospitali apate sindano kabla ya dalili, wala asipelekwe kufungiwa hirizi kwanza. Dua ina mahali pake, na dawa ina mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunaujua ulipo: kule mtoni Suam, na hapa bandarini kwetu.