Kabla ya Mikeka, Mkataba

Mama mdogo wa mmoja wetu alitaka kufungua studio ndogo ya mazoezi ya wanawake mjini Birmingham: chumba kimoja, kioo ukutani, mikeka ishirini na vyuma vichache vya kunyanyua. Fedha alizipata kwa upatu na kwa akiba ya miaka mingi ya zamu za usiku. Alikodi lililokuwa duka la nguo, chini ya fleti za watu. Fundi alimwambia wiki sita zitatosha. Ilichukua miezi saba, na muda wote huo pango lilikuwa likilipwa.

Wakalimani wake tulikuwa sisi. Kila barua aliipiga picha akatutumia, nasi tukamweleza kwa Kiswahili tulichonacho. Tunasema wazi kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Kosa la kwanza ni kumwambia, "Mama mdogo, hakuna kibali kinachohitajika." Tulikuwa tumesoma kuwa tangu Septemba 2020, hapa England, maduka, ofisi, mikahawa na kumbi za mazoezi ya ndani zimo katika kundi moja la matumizi, hivyo kwa kawaida duka linaweza kugeuzwa studio bila kuomba ruhusa ya mipango miji. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Ukaguzi wa ujenzi ni jambo jingine: milango ya moto, hewa, choo cha mtu mwenye ulemavu. Na mkataba wake wa pango ulisema haruhusiwi kubomoa chochote bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Kifungu hicho tulikiruka kwa sababu kilikuwa kirefu. Fundi alipoanza kuvunja ukuta wa ndani, kazi ikasimamishwa.

Idhini ilipopatikana, likaja la dari. Asbesto ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1999, lakini majengo ya kabla ya hapo huweza kuwa nayo, na yapaswa kupimwa kabla ya kuvunjwa. Hakuna aliyepima. Ilipoonekana, mafundi wakatoka, wakaja wataalamu wa kuiondoa, na bili yao.

Kisha sakafu. Chuma kikianguka, mshindo hupita kwenye zege na kuta hadi kitandani kwa jirani wa juu, zulia haliuzuii. Inahitajika sakafu ya tabaka, yenye mpira mzito chini. Hilo halikuwamo katika makadirio. Wala VAT haikuwamo: bei ya pauni 20,000 "bila VAT" hulipwa 24,000.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mama mdogo daftari alikuwa nalo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsomea karatasi vizuri kabla hajatia sahihi. Siku moja tulisema "ile sakafu ya juu ya kichwa" akacheka hadi machozi: "Hiyo inaitwa dari, wanangu." Sisi tunaoandika insha juu ya ushairi hatukujua dari, wala dhamana, wala mkandarasi.

Wapo watakaosema klabu hii ni ya lugha na fasihi, na mambo ya pango yapelekwe kwa wakili. Wakili ni muhimu, na laiti tungemwambia amlipe mmoja mapema. Lakini wazazi wetu huja kwetu kwanza, mezani, baada ya chakula, na karatasi mkononi. Hiyo nayo ni lugha, na kwa wengi wetu ndiyo kazi ya kwanza ambayo Kiswahili chetu kilipewa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wanachama wenzetu na kwa walimu wetu: kila muhula tutenge jioni moja ya kusoma mkataba halisi, majina yakiwa yamefutwa, na kutunga pamoja msamiati wa pango, ujenzi na bima. Tualike fundi mmoja anayezungumza Kiswahili atufundishe majina ya vitu vyake. Na tujizoeze kusema sentensi ambayo hatukuwa na ujasiri wa kumwambia mama mdogo: "Hapa hatujui, tumuulize anayejua."

Studio imefunguliwa. Mikeka ni kumi na miwili badala ya ishirini, na vioo vitasubiri. Jumamosi huwa imejaa. Deni la upatu bado analilipa.