CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE



Wahenga wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda chema huambiwa kirudi wiki ijayo. Tumelikumbuka neno hilo kwa ajili ya mzee mmoja wa tawi letu la Pemba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiishika njia ya bandarini na bahasha ya kaki kwapani, akitafuta jambo moja tu: cheti chake cha utumishi wa jeshi kiandikwe yale aliyoyatenda. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda. Ofisi nazo hatuzitaji, kwa kuwa maradhi haya si ya ofisi moja wala ya karani mmoja.

Khabari yenyewe ni fupi. Mzee huyu alikuwa askari katika vita vya Kagera. Baada ya vita alisimama gwarideni, akavikwa nishani, akapigiwa makofi. Nishani hiyo anayo mpaka leo, ndani ya mkebe wa biskuti, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Lakini cheti chake, pale mahali pa nishani, kimepigwa mstari wa wino na hakikuandikwa kitu. Alipokwenda kuuliza aliambiwa jina lake halimo katika orodha ya waliotunukiwa. Akaitoa nishani mfukoni, akaiweka mezani. Karani akaitazama, kisha akamwambia kwamba kitu cha namna hiyo mtu aweza hata kukinunua.

Mzee hakujibu. Aliifunga nishani yake katika kitambaa akarudi kwao. Sisi tumeona vyema tujibu kwa niaba yake.

Vijana wetu waliozaliwa baada ya mambo hayo yafaa wakumbushwe. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, ambayo zama hizo ilikuwa sehemu ya Bukoba na leo ni wilaya ya Missenyi. Ndege za Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, na raia wakaukimbia wakiwa na watoto mgongoni. Tarehe 1 Novemba redio ya Uganda ikatangaza kwamba ardhi yote ile imekuwa mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa vijijini, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo ya mpaka, nyumba na makanisa yakabomolewa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwahutubia wananchi na kuwaambia kwamba sababu ya kumpiga adui tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao.

Wananchi waliitikia. Jeshi ambalo kabla ya vita halikufika watu 40,000 lilipita 100,000 kwa muda mchache, kwa kuwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliingizwa katika safu zake. Mwezi wa Januari 1979 waliivuka Mutukula. Mwezi wa Februari waliingia Masaka. Tarehe 10 na 11 Machi walipigana Lukaya, kando ya kinamasi, na brigedi moja iliyokutwa na dhoruba ile ya kwanza karibu yote ilikuwa ya mgambo, watu walioacha jembe na cherehani miezi michache kabla. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na mwanzo wa mwezi wa Juni vita vikaisha. Hata hapo wengine hawakurudi nyumbani, bali walibaki Uganda wakilinda amani ya watu wengine mpaka 1981.

Baada ya ushindi mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukaitwa Kagera. Ramani zikachorwa upya, mihuri ikachongwa upya, vitabu vya skuli vikapigwa chapa upya. Basi Serikali iliyoweza kulibadilisha jina la mkoa mzima, jee, yashindwaje kuandika mstari mmoja katika jalada la mtu mmoja?

Tumewauliza wazee waliotumikia jeshi ni vipi nishani ya mtu yaweza kupotea katika karatasi, na majibu yao yanaingia akilini. Jeshi lilikua upesi kuliko masijala yake. Watu waliandikwa usiku, kambini, kwa taa ya chemli. Wengine walihamishwa kutoka kombania moja kwenda nyingine njiani, na kikosi kipya hakikupata khabari za kikosi cha zamani. Sisi wa visiwani tuna balaa letu zaidi: Juma Khamis Ali ameandikwa mahali pamoja Khamis Juma, mahali pengine Juma Ali, na pa tatu ameandikwa kwa jina la mtani ambalo wenzake walikuwa wakimwita handakini. Orodha ya nishani ikaja na jina moja, jalada lina jina jingine, na cheti kikaandikwa kwa kufuata jalada. Hapana mtu aliyekusudia kumdhulumu mzee wetu. Kosa lilikuwa la kalamu.

Lakini kosa la kalamu likiachwa miaka 40 na zaidi, hali ya kuwa mwenyewe anapiga hodi kila mwaka, halibaki tena kosa la kalamu. Huwa dhuluma, na mwenye kuitenda ni yule anayeusikia mlango ukigongwa akanyamaza.

Twajua udhuru utakaotolewa, na tunaujibu mapema.

Udhuru wa kwanza ni kwamba majalada ni ya zamani. Hilo ni kweli, na sababu yake ni kwamba vita navyo ni vya zamani. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amepita miaka 65. Kila mwaka unaokwisha, uzee wa majalada unazidi na mashahidi wanapungua. Kama ukongwe wa karatasi ni sababu, basi ni sababu ya kuharakisha.

Udhuru wa pili ni kwamba mlango ukifunguliwa kila mwongo atakuja kudai nishani. Hapa tunataka kuwakumbusha wakubwa kisa kinachosimuliwa cha Mwanza, ng'ambo ya ziwa ukitoka Bukoba. Yasimuliwa kwamba mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliolitumikia jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 mpaka 1918, na mjumbe wa malipo akaja Mwanza. Wakakusanyika wazee wapatao 350, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Yule mjumbe hakuwafukuza. Alimpa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamwamrisha kwa Kijerumani, na wazee wakazifuata amri moja baada ya moja, kana kwamba waliachana na gwaride jana. Mgeni aliweza kuutambua ukweli kwa ufagio. Sisi tunao makamanda walio hai, tunao wenzi wa kombania moja, tunazo namba za jeshi, tunao walimu wa mafunzo, na bado twaambiwa kwamba hapana njia ya kumjua askari na asiyekuwa askari.

Udhuru wa tatu husemwa kwa sauti ya chini, nao ni kwamba nishani si chakula. Wasemao hivyo, mbona zao wenyewe hawazivui? Mbona siku za sherehe twawaona wamezipanga kifuani mpaka kanzu ya mtu ingepasuka? Mzee wetu hakuomba shamba wala gari. Alichoomba ni kwamba siku atakayokufa, mjukuu wake akifungua cheti asikute mstari mtupu na kudhani kwamba babu alikuwa akimhadithia ngano.

Khasa linalotuuma ni kwamba tumeingia katika mwendo uleule tuliowalaumu nao wakoloni. Katika vita vya 1914 Waingereza walilivuka ziwa mwezi wa Juni 1915, wakaupiga mji wa Bukoba na kuuvunja mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Majina ya maofisa wao yamo vitabuni hata leo. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita ile yote, waliokufa kwa homa na kuhara katika njia za Tanganyika, hawakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mkoloni alingoja miaka 100 ndipo akaona haya. Jee, na sisi tungoje miaka 100 kwa watu wetu wenyewe, waliopigana chini ya bendera yetu wenyewe?

Mzee wetu alifika Muleba, kwa fedha zake mwenyewe. Pale Kaboya ndipo walipozikwa askari wetu waliokufa katika vita vile, na upo mnara mweupe wenye majina yao. Tarehe 25 Julai 2014 Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alikwenda hapo kuwakumbuka mashujaa. Mzee alituambia kwamba alisoma majina kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akalikuta jina la mwenziwe aliyelala naye handaki moja. Akakaa chini. Kisha akatuambia maneno haya, nasi tunayaweka kama alivyoyasema: "Yeye alikufa, kaandikwa. Mimi kosa langu ni kupona."

Hata hesabu ya wafu wenyewe hailingani. Vyatajwa vifo 373 vya askari wetu katika vita vile, na walioandika juu ya Kaboya wametaja makaburi 435. Hatusemi nani amekosea, kwa kuwa pengine kila mmoja amehesabu kwa namna yake. Lakini nchi ambayo haijaweka wazi mbele ya watu orodha moja ya waliokufa, mtu hastaajabu ikiwa orodha ya walio hai ina matundu.

Sasa twaligeukia jambo linalotukhusu sisi wa visiwani. Tangu Aprili 1964 ulinzi umekuwa ni jambo la Muungano. Kijana wa Unguja na wa Pemba aliyekwenda Kagera hakwenda kama mgeni. Alikwenda kulinda nchi yake, na risasi haikumuuliza amezaliwa upande gani wa bahari. Kama ulinzi ni wa Muungano siku ya kuitwa, basi na uwe wa Muungano siku ya kukumbukwa. Haiwi haki mzee wa Micheweni avuke bahari mara mbili na kulala kwa watu, kwa ajili ya kuambiwa kwamba mwenye ufunguo wa kabati hayupo.

Kwa hivyo twadai mambo manne. Kwanza, orodha ya wote waliotunukiwa nishani za vita vya Kagera ichapishwe na kubandikwa katika kila wilaya, Bara na Visiwani, ili mtu ajitazame mwenyewe. Pili, makarani wenye madaftari waje Unguja na Pemba, na waende Bukoba, Muleba na Missenyi kwa mgambo wa huko, badala ya wazee kuwafuata wao. Tatu, pale karatasi ilipokosekana, ushahidi wa kiapo wa wenzi wa kikosi kimoja upokewe, na jibu litolewe kwa maandishi ndani ya miezi mitatu, likiwa ni ndiyo au hapana pamoja na sababu. Nne, aliyekufa akingoja, cheti chake kisahihishwe vilevile na kikabidhiwe warithi wake.

Hatulitukani jeshi. Anayemtetea askari aliyesahauliwa ndiye anayelipenda jeshi. Wala hatujitoi sisi wenyewe katika lawama, kwani chama chetu nacho huwakumbuka wazee hawa majira ya kura na kuwaweka viti vya mbele, kisha kikawasahau mpaka kura nyingine. Kuanzia mwezi huu kila tawi lifungue daftari: jina kamili la askari kama alivyoitwa kwao, jina aliloandikwa jeshini, namba, kikosi, na majina ya wenzi wawili walio hai. Katibu wa tawi aandike kwa mkono wake, asome kwa sauti mbele ya mzee, kisha mzee atie saini au dole gumba. Vyeti na nishani asipewe mtu yeyote, hata akiwa kiongozi wetu. Vibaki kwa wenyewe.

Mwaka 1978 nchi hii iliambiwa kwamba ina sababu, ina nia na ina uwezo, na yote matatu yakathibitika Kampala. Uwezo wa kulisahihisha daftari upo, kwa kuwa kalamu ni nyepesi kuliko mzinga. Sababu ipo, nayo imelala katika mkebe wa biskuti kisiwani Pemba. Iliyokosekana ni nia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.