Kadi haikufa: tuulize mashini mbele ya kutosha feza

Wandugu watumikaji, na ninyi jamaa zetu wa kambi,

Kuko neno moja tunalijua wote: «Jina yako haiko.» Mutu amefika asubuhi, ametumika siku nzima, lakini kwenye karatasi ya pwentaji haonekane. Kapita anasema hakuja. Sisi wa sendika tunajibu kila mara: mutu alikuwa kazini, karatasi ndiyo iko na kasoro. Leta karatasi tuione.

Neno lile lile lilitupata ku biro yetu. Tuko na ordinatere moja ya kubeba, ya zamani. Tuliiwekea Debian 11, juu haiombe feza ya lisansi na inatembea vizuri hata kwenye mashini muzee. Lakini Wi-Fi haikuonekana hata kidogo. Ndani mulikuwa barua za wandugu walioachishwa kazi, na siku za kujibu zilikuwa zinaisha. Fundi alitazama dakika mbili, akasema: «Kadi imekufa, nunueni ingine.»

Feza ya kununua ni michango yenu. Tukakataa kulipa mbele ya kuona alama ya ile kifo.

Kwanza tuliandika lspci -nnk. Ni kuuliza mashini: ndani yako kuko nini? Kadi ikajitaja: Intel, na namba yake. Basi iko! Lakini mustari wa «Kernel driver in use» haukuwapo. Maana yake hakuna programu iliyokuwa inaiongoza. Pili, sudo rfkill list, kuona kama haikufungwa na kifungo. Haikufungwa. Tatu, sudo dmesg | grep firmware. Hapo kweli ikatoka: programu ya iwlwifi ilitafuta faili ya fimwea, ikakosa, «error -2». Ile 2 inasema paka kitu kimoja: faili haipatikane.

Fimwea ni programu ndogo ambayo kadi inapewa kila mara inapoamka. Bila ile, iko sawa mutumikaji aliyefika kazini bila chombo. Wenye kutengeneza kadi wanaficha namna fimwea zao zimeandikwa, ndiyo sababu Debian 11 haikuzitia kwenye diski yake ya kawaida. Watu wa Debian walipiga kura juu ya jambo hili mwaka 2022, na Debian 12, iliyotoka 2023, inakuja nazo.

Tulipataje faili bila intaneti? Tulifunga simu ya Android kwa kamba ya USB, tukaifungulia kugawa intaneti. Kwenye /etc/apt/sources.list tukaongeza neno non-free, kisha sudo apt update, na sudo apt install firmware-iwlwifi. Tukazima, tukawasha. Wi-Fi ikaonekana. Tulitosha paka mega kidogo za simu, na barua zikaenda mbele ya siku ya mwisho.

Wandugu wengine wanasema: «Mambo ya bure ndiyo yanaleta matatizo, turudie Windows.» Ni kweli, tulipoteza siku mbili, na watu wa zile barua walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mashini ilikuwa imeandika ugonjwa wake yenyewe. Ilibakia paka mutu wa kusoma.

Hatuseme kadi haifake. Kama lspci haiitaje (ao lsusb, kama ni ya kuchomeka kwa USB), kama BIOS haikuizima, na kama mumeitoa na kuirudisha vizuri fasi yake bila faida, basi nunueni. Tunasema paka hivi: alama kwanza, feza nyuma.

Ndiyo maana tunaomba kila kamati ichague watu wawili wa kujifunza haya maneno matatu. Si lazima wawe wamesoma sana. Sisi wenyewe tuliishia sekondari. Yaandikeni kwenye karatasi, muibandike kando ya mashini. Vijana wetu wa kambi wenye kujua ordinatere, waiteni, wakae nasi. Na yule fundi atakaporudi kusema «imekufa», tumuulize kwa heshima, sawa tunavyomuuliza kapita: tuonyeshe imeandikwa wapi.