Kioo cha Kusomea Picha ya Matiti

Zamani picha ya matiti ilikuwa filamu. Daktari aliisoma mbele ya taa. Mwaka 2000 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya kupiga picha hiyo kwa kompyuta. Siku hizi madaktari wengi huisoma kwenye kioo cha kompyuta. Watu husifu mashine. Kioo hawakiulizi. Mimi naona kiulizwe.

Picha ya kwenye kioo ni nukta nyingi ndogo. Kioo cha kawaida cha ofisini huwa na nukta kama milioni 2. Kioo maalumu cha matiti huwa na nukta kama milioni 5, tena kinang'aa zaidi. Nukta zote hizo za nini? Kansa ya matiti yaweza kuanza bila uvimbe wa kushikika. Huenda dalili yake ni punje za chokaa tu, ndogo kama chumvi. Nukta zikiwa chache, punje hizo hujificha.

Wengine husema kioo cha kawaida kinatosha, maana daktari anaweza kuikuza picha. Kweli, anaweza. Lakini akiikuza huona kipande kimoja tu. Inambidi apitie kipande baada ya kipande. Mwenye picha nyingi mezani atachoka, na kipande kimoja kitarukwa.

Basi hospitali ikinunua mashine, inunue na kioo chake. Kisiwekwe karibu na dirisha, jua litafifisha picha.

Nawe mama, ukiambiwa picha ni safi na bado unahisi uvimbe, rudi kwa daktari. Hata kioo bora hakionyeshi kila kitu.